Diski Alizozikubali Darubini

Daktari alipomaliza kueleza, mtangazaji alicheka. Sauti iliyowaamsha wasikilizaji kwa taarifa ya habari miaka nenda rudi sasa ilikuwa inakwaruza, lakini utani wake haukuwa umeguswa.

"Kwa hiyo, daktari, mnanitoa hewani," alisema.

Uvimbe ulikuwa umeshika koo mahali sauti inapotoka, na ili mama huyu apone, sehemu hiyo yote ilibidi iondolewe. Angepumua, angekula, angeishi. Kuongea kama alivyozoea, ndiyo basi tena.

Mumewe, fundi seremala, alikaa pembeni yake mikono mikubwa imelala magotini. Ila njiani kurudi nyumbani wazo moja lilimganda: binti yao alikuwa mjamzito. Mtoto huyo atakuja duniani asiisikie sauti ya bibi yake? Haiwezekani.

Basi akaazima kinasa sauti kwa jirani anayerekodi harusi, akafunga madirisha ya sebuleni, akamketisha mkewe kitini. Mtangazaji akajiweka sawa, akasoma hadithi na salamu kwa mjukuu, kila neno limepigwa pasi. Fundi akaingiza rekodi kwenye kompyuta ya karakana, akachoma diski moja kutoka kwenye rundo alilonunua dukani, akaiweka rafuni karibu na dirisha ili asiisahau. Kompyuta ilikuwa imejaa michoro ya makabati, kwa hiyo alipoona diski inasoma vizuri, akaifuta rekodi kupata nafasi. Kinasa sauti kikarudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu. Roho yake ikatulia.

Ilitulia mpaka wiki kadhaa baadaye, mdogo wake wa kike alipokuja kumjulia hali wifi yake.

Mdogo wake huyu alikuwa mtunza maktaba ya sauti palepale redioni alikotangaza wifi yake. Wenzake kazini walimbatiza Darubini, maana hakuna kitu kilichowahi kumtosha kwa kutazamwa mara moja. Hata ukimkaribisha maji, glasi anaiinua kwanza kwenye mwanga.

"Nasikia umemrekodi wifi," alisema akiingia karakanani. "Hebu nione diski, kaka."

Fundi akampa kwa majivuno. Darubini akaigeuza kwenye mwanga, uso ukambadilika. Akaitia kwenye kompyuta. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Sauti ya mtangazaji ikatoka, ikaanza kumsalimu mjukuu, ikakwama kwenye neno moja, ikalirudia, ikalirudia, kisha ikazimika kabisa.

"Una nakala nyingine?"

"Nilifuta." Fundi aliketi juu ya rundo la mbao. "Mdogo wangu, nimempoteza mke wangu mara mbili."

"Hujampoteza hata mara moja. Upasuaji bado?"

"Bado. Wiki ijayo."

"Na anaongea?"

"Asubuhi kanigombeza kwa kuingia na viatu."

"Basi hatujachelewa. Vaa shati, twende kazini kwangu."

Maktaba ya sauti ilikuwa chumba cha chini chenye baridi na mapazia mazito. Dirisha moja tu halikuwa na pazia, na kwenye kioo chake Darubini alikuwa amebandika diski za kila aina, kila moja nusu imefunikwa kwa karatasi ngumu na nusu imeachwa juani. Alibandua mojawapo, akaondoa karatasi. Fundi akapigwa na butwaa. Nusu iliyofunikwa ilikuwa na rangi yake nzito; ile nyingine ilikuwa imepauka kama shati lililosahauliwa kambani.

"Hii ni ndugu wa ile yako," Darubini alisema. "Ndani ya diski kuna rangi nyembamba sana. Mashine inapochoma, inaandika kwenye rangi hiyo kwa mwale wa mwanga. Jua nalo linachoma, tatizo lake halijui kuandika."

Fundi akacheka bila kutaka.

"Na kwa nini tusiiweke rekodi kwenye simu tu, yaishe?"

"Tutaiweka kwenye simu, na kwenye kompyuta pia. Ila simu inatumbukia majini, na kompyuta inapata mtu wa kuifuta." Alimtupia jicho kaka yake, kisha akaendelea kana kwamba hakusema kitu. "Diski ya kuchomwa mara moja haifutwi kwa bahati mbaya. Kwa hiyo, iwe diski ya kuaminika."

Akafungua kabati. Fundi alimtazama akichagua, na taratibu akaanza kumwona upya. Alizoea kumjua kama mdogo wake msumbufu. Sasa alimwona fundi mwenzake. Darubini hakusoma maandishi ya nje ya boksi. Alieleza kwamba boksi la leo na la mwaka jana huweza kufanana kama mapacha na bado vilivyomo vikawa vimetoka viwanda tofauti, kwa hiyo kila boksi jipya lazima alipime upya. Alitoa diski chache, akachunguza kingo zake kama kuna unyevu au uchafu ulioingia, akachoma moja kwa mwendo wa taratibu, kisha akaiacha mashine ihesabu makosa yaliyojificha, yale ambayo sikio halijayasikia bado. Boksi la kwanza akalikataa. La pili pia. Ndivyo fundi mwenyewe alivyochagua mbao: kugonga, kunusa, kukataa, bila kumwonea mtu haya.

Mwishoni alikubali aina mbili. Moja ilikuwa na utando wa dhahabu mgongoni, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Nyingine haikutegemea rangi kabisa. Maandishi yake yalichimbwa kwenye tabaka gumu kama jiwe, na ilihitaji mashine yenye mwale wenye nguvu zaidi.

"Mbona mbili?"

"Kwa sababu na mimi naweza kukosea, kaka."

Kazi ngumu ilibaki kumwambia mwenye sauti. Fundi alimweleza mkewe jikoni, macho sakafuni, Darubini akiwa mlangoni na kinasa sauti chake. Mtangazaji aliendelea kumenya viazi.

"Afadhali," alisema. "Siku ile nilikuwa nasoma habari. Mjukuu gani anataka taarifa ya habari? Wifi, washa mashine yako."

"Hapahapa jikoni?"

"Kwani mimi naishi studio?"

Akaongea. Aliongea na mjukuu kama vile mtoto amekaa miguuni pake, sufuria zikigongana, sauti ikikatika na kurudi. Alimsimulia jinsi babu yake alivyokuja kumchumbia akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimwimbia vibaya, akajicheka, akakohoa, akaomba radhi, akaendelea. Darubini alishika kinasa sauti, machozi yakimtiririka, na hakuvuta kamasi hata kidogo, maana ingeingia kwenye rekodi. Fundi aliona hilo, akajua hajawahi kuona ujasiri wa namna hiyo, wa wanawake wawili kwa mpigo.

Nakala zilichomwa kwenye diski za aina zote mbili, zikapimwa, zikagawanywa: za nyumbani, za binti yao, za maktaba. Za nyumbani fundi alizitengenezea kisanduku chenye mifuniko miwili, kila diski imesimama kwenye mfereji wake, mbali na jua.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mjukuu alizaliwa wa kike, mwenye makelele, na alikuwa akinyamaza kila alipowekewa sauti ya bibi. Mtangazaji naye alisikiliza mara moja, akachukua ubao wake mdogo wa kuandikia, akamwandikia mumewe: "Nimeimba vibaya kweli."

Afya iliporudi, Darubini alimwomba wifi yake aje maktaba asubuhi chache kwa wiki. Kulikuwa na rekodi nyingi za zamani za kuhamishia kwenye diski, na hakukuwa na masikio yaliyozijua kama yake. Mtangazaji akakubali. Anakaa na vipokea sauti masikioni, diski mpya mkononi, na akisikia mkwaruzo mdogo kuliko wote, anagonga meza kwa kidole. Watangazaji vijana wanapita mlangoni wakinyata. Juzi alikataa boksi zima ambalo Darubini alikuwa ameshalikubali, na Darubini akalirudisha dukani bila ubishi.