Gari la Udongo Mweupe

Aliyeleta udongo mweupe asubuhi ile hakuwa mzee Uhlig wa siku zote. Alikuwa kijana mwenye tabasamu, akasema Uhlig anaumwa mgongo. Walinzi wa ngome wakampekua, wakamruhusu. Mimi nilimtazama mikono.

"Tangu lini mchimba udongo akawa na kucha za bwana harusi?" nikamwuliza.

"Tangu alipojua kunawa, mzee."

Walinzi wakacheka. Mimi sikucheka.

Ngome ile juu ya mto Elbe ilikuwa gereza la bwana wangu, Ehrenfried Kuhnast. Alimwahidi mtawala wa Saksonia dhahabu. Dhahabu haikuja, akafungiwa humo mpaka avumbue namna ya kufinyanga vyombo vyeupe vya kaure kama vya Wachina. Mimi, Veit, nilikuwa mchochea moto wake. Kuchungulia kwenye tundu la tanuri ili kusoma rangi ya moto ndiko kulikonipofusha jicho la kushoto, na la kulia lilishaanza kuingia ukungu. Usiku wa kuamkia siku ile, tulipowasha tanuri, Kuhnast aliniambia, "Moto ukikolea nitachungulia mimi. Jicho lililobaki ni lako, Veit." Nilishukuru, ila sikuamini sana. Wakubwa huahidi wakiwa wameshiba.

Magunia yalipokwisha kushushwa, mgeni alimsogelea bwana wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la kuni.

"Gari lina sakafu mbili," alinong'ona. "Jilaze katikati. Kesho utaamkia Bohemia, nje ya mpaka. Lakini ni sasa hivi, kabla zamu ya walinzi haijabadilika."

"Nani amekutuma?"

"Rafiki."

"Mimi sina rafiki. Mtawala ndiye mwenye marafiki kama wewe. Huwatuma, kisha anayewafuata ananyongwa."

"Basi baki uoze, bwana."

Kuhnast akalitazama lango. Hakuwa amelivuka tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Akapiga hatua kuelekea gari, kisha nyingine, nami nikajua amekwenda. Mfungwa akitoroka, mchochea moto ndiye anayehojiwa kwa vyuma. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilipouona mgongo wake ulivyopinda, nikarudi kwenye moto wangu.

Tanuri likaanza kunguruma. Huo ndio mlio wa moto uliokolea. Usipochungulia wakati huo, vyombo vyote hupinda. Nikapiga magoti, nikaondoa kizibo cha tundu.

Mkono ukanivuta bega.

"Toka hapo, mzee mbishi we! Nilikuambia nini?"

"Bwana, gari linaondoka..."

"Sijawa kiziwi, Veit."

Magurudumu yalikuwa yakilia juu ya mawe. Walinzi walifungua lango bila hata kupekua gari. Kama ule ulikuwa mtego au ukombozi, mpaka leo sijui.

Kuhnast akainama, akaufikisha uso wake penye mwanga ule mkali.

"Mweupe, na manjano kidogo," akasema, machozi yakimchuruzika. "Ongeza kuni."