Kisanduku cha Maneno Matatu

Wako watu waliookolewa na dua za mama zao. Mimi, kwa miaka miwili na nusu, niliokolewa na ncha ya kalamu.

Kalamu yenyewe ni ya mkuu wetu wa shule, naye aliirithi kwa babake: nyeusi, nene kama kidole gumba, ya kujazwa wino, na ncha pana inayoacha mstari mnene kama mkia wa mjusi. Mkuu anaipenda kuliko wanafunzi, jambo lisilomshangaza yeyote anayetujua. Na fomu ya ripoti ya shule yetu tukufu, iliyobuniwa na mtu aliyechukia maneno, ina kisanduku cha "Maoni ya Mkuu wa Shule" kisichozidi ganda la kiberiti. Kwa ncha ile, ndani ya kisanduku kile, huingia maneno matatu. La nne halina pa kukaa.

Basi muhula ambao kengele ya chakula cha mchana ililia saa tatu asubuhi, kwa juhudi zangu, baba alisoma: "Ni kijana mchangamfu." Muhula nilipopaka gundi kiti cha Makamu, alisoma: "Ana ubunifu mwingi." Akampigia mama kelele jikoni.

"Mama nanii, umesikia? Ubunifu! Huyu kanirithi mimi."

Ila baba si mtu wa kuchezewa. Alikwisha kunionya: siku atakayosoma habari mbaya zangu, nahamia kwa shangazi, dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, anayeamsha wageni alfajiri wamsomee jedwali la kuzidisha kabla ya kupewa chai. Nililala kwake siku mbili. Hadi leo nikisikia saba mara nane nashikwa na kiu.

Muhula huu Mkuu aliugua mgongo, akakaa nyumbani wiki tisa. Kalamu ikabaki kwenye droo, wino ukaikaukia tumboni. Siku aliyorudi kuandika ripoti, mimi nilikuwa nje ya dirisha lake, naosha vioo. Ilikuwa adhabu. Chura alihudhuria mkutano wa bodi ya shule bila mwaliko, na kwa sababu ambazo hazikuelezwa, wote walinitafuta mimi.

Nilimwona Mkuu akiikwaruza kalamu kwenye karatasi. Patupu. Makamu, mtu mwembamba mwenye kumbukumbu nene, akachomoa biro mfukoni.

"Mkuu, hiyo ipumzishe. Chukua hii, ncha yake kama sindano. Kwenye kisanduku kile utaandika risala nzima." Akageuka, akanitazama kupitia kioo. "Na kuna watu wanastahili risala."

Kitambaa kikaniponyoka. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshaingia ofisini.

"Shikamoo, Mkuu. Naomba nikuoshee kalamu."

"Marahaba. Mara ya mwisho uliposaidia kupanga viti, chura alikalia cha mwenyekiti."

"Alichoka kusimama, Mkuu."

Makamu akakohoa. Mkuu akaitazama ile biro kama mtoto anayetazama kijiko cha dawa, kisha akanitazama mimi. "Ioshe hapa hapa, mbele ya macho yangu. Ikivunjika, na wewe umevunjika."

Sijawahi kufanya kazi ya shule kwa uadilifu ule. Nikaomba maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, nikaizamisha ncha. Ubavuni kalamu ina kikono chembamba: ukikiinua, mpira wa ndani unabinywa na kutema, ukikiachia, unavuta. Nikaitemesha, nikaivutisha, nikabadilisha maji mara sita, mpaka kilichotoka kama wino kikatoka kama maji. Nikaikausha. Nikaizamisha kwenye kichupa cha wino wa buluu, nikainua kikono, nikakiachia, nikahesabu hadi kumi ili mpira ushibe, nikadondosha matone matatu yarudi kichupani, nikaifuta.

"Jaribu," akasema Mkuu, kwa sauti ya mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Nikaandika jina langu. Kalamu haikukwaruza, iliteleza, na nyuma yake ukabaki mstari mnono, mbichi, uliong'aa kidogo kabla ya kukauka. Nakiri, mimi niliyekuja kwa hila tupu, niliandika jina langu mara tatu bila sababu yoyote. Mwandiko wangu, ambao walimu huufananisha na ajali, ulifanana na wa mtu mwenye mashamba.

Mkuu akaipokea kwa mikono miwili. Makamu akarudisha biro mfukoni kama posa iliyokataliwa.

"Tuanze na ripoti yako," akasema Mkuu. Kwenye kisanduku akaandika: "Ana mikono mizuri." Matatu. Niliyahesabu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mshindi.

Lakini kuna jambo sikulipigia hesabu. Mtu aliyekaa wiki tisa bila kalamu yake hana haraka ya kuiweka chini. Mkuu aliitazama ncha, akatabasamu, akaipindua ripoti.

"Kumbe huku nyuma," akasema taratibu, "hakuna kisanduku."

Akaandika. Kengele. Gundi. Kila herufi yenye mkia aliivuta mkia kwa raha zake. Ukurasa ukajaa, akavuta karatasi nyingine, akaibana kwa pini, kisha nyingine.

"Makamu, chura alikuwa mmoja?"

"Watatu, Mkuu. Wawili tuliwapata baadaye."

"Ahsante."

Ncha ile hunywa wino kama ngamia. Katikati ya kosa la tisa maandishi yakafifia, yakakatika. Mkono wa Makamu ukaenda mfukoni, lakini Mkuu hakumwangalia. Alininyooshea mimi kalamu.

"Ijaze, mwanangu. Mnaelewana."

Ningeweza kukipindua kichupa. Ajali hutokea, na kwangu hutokea sana. Lakini kalamu ilikuwa na joto la mkono wake, na ncha iling'aa, kazi yangu mwenyewe. Nikaizamisha, nikainua kikono, nikakiachia, nikahesabu hadi kumi, polepole, bila kuruka namba hata moja.

Shangazi atafurahi kusikia hilo.