Nusu Iko Wapi

Kwa heshima na taadhima, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wote wa Kidato cha Nne, natangaza kwamba mimi, Griffins Oketch, nimetoa mchango mkubwa katika elimu ya hisabati kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala katika bweni letu. Mchango wenyewe ni karatasi moja. Niliiandika kwa dakika arobaini, nikaichovya kwenye chai ya saa nne, kisha nikaianika dirishani pa maabara hadi ikakunjamana kama uso wa mtu aliyesafiri mbali.

Shule yetu iko kilimani, juu ya Katito, na ukisimama nyuma ya jikoni unaliona ziwa. Tunaambiwa mandhari hayo hutuliza akili. Mwalimu Adongo wa hisabati hajapata habari hizo. Siku ishirini na moja kabla ya mtihani wa taifa alibandika ukutani Ratiba ya Marudio: zaidi ya mada sitini, tatu kila siku, na nne Jumapili kwa sababu Jumapili, alisema, tuna nafasi. Logi kabla ya uji, vekta baada ya uji. Uwezekano ulipangwa kabla ya chakula cha mchana, ingawa uwezekano wa kukuta nyama katika chakula hicho tulikuwa tumeshaukokotoa wenyewe na kupata sifuri.

Hakuna aliyefadhaika. Shuleni kwetu watu hawarudii mada, wanangoja utabiri. Utabiri ni orodha ya mada "zitakazokuja", nayo haina mwenyewe. Daima hutoka kwa mtu aliyepewa na mtu. Ule wa mwaka jana ulitaja mada tano na haikuja hata moja. Walioukariri wakaeleza kwamba utabiri ulikuwa sahihi kabisa, ila mtihani ndio uliobadilishwa dakika ya mwisho. Watu wenye imani ya namna hiyo wanastahili nabii. Nikajitolea.

Niliandika kwa herufi kubwa, kila mstari nikiupitisha kwenye rula ili mwandiko usijulikane. Mada nne tu: logi, matriksi, longitudo na eneo la trapeza. Chini ya kila mada niliweka swali na jibu lake, maana utabiri bila majibu ni umbea tu. Kwa trapeza nilichora shamba la mpunga la Ahero. Pande mbili sambamba, mita 80 na mita 120. Umbali kati ya pande hizo, mita 60. Jibu: mita za mraba 12,000. Kisha nikaiangusha karatasi karibu na dirisha la jikoni, nikajipanga kwenye foleni ya uji nikiwa na uso wa mtakatifu.

Aliyeiokota alikuwa Okinyi, kiranja wa darasa letu. Okinyi alikula kiapo mbele ya gwaride kwamba ataripoti kila karatasi ya kutiliwa shaka. Na kweli aliiripoti, kitanda baada ya kitanda.

"Omera, ndugu yangu, hii si mchezo," alininong'oneza alipofika kwangu. "Hii karatasi imetoka mbali."

"Umejuaje?"

"Si unaona vile imechoka?"

Niliitazama kwa unyenyekevu. Ilikuwa imechoka kweli.

Sasa nimtaje Waswa, maana bila yeye haya yote yangebaki kicheko. Waswa hulala kitanda cha chini, mimi cha juu. Anataka kusomea uuguzi, na chuo anachokililia kinadai C ya hisabati. Katika mtihani wa majaribio aliipata C hiyo kwa alama moja tu, ukimpulizia, anaanguka. Lakini alikuwa na daftari. Kurasa mia mbili, mada zote za miaka minne, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, kila mchoro kwa penseli iliyochongwa. Daftari lile lilikuwa limesoma kuliko baadhi ya walimu.

Mama yake, Nanyama, huuza ndizi pale Mamboleo. Siku ya maombi alikuja. Hiyo ndiyo siku ambayo wazazi hukusanyika na Mchungaji Laban huziombea kalamu na seti za jiometri kwa sauti kubwa hadi bikari zinatetemeka ndani ya makopo yake. Mama Waswa alileta seti mpya, bado ina karatasi yake ya dukani. Ilipokwisha kuombewa, alinishika mkono.

"Griffins, baba, wewe kichwa yako ni nyepesi. Huyu wangu anasoma polepole lakini anasoma. Mkae pamoja. Asinipotelee hapo mwisho."

"Mama, ondoa shaka," nikasema. Nina sauti nzuri sana ya kuondoa shaka.

Basi karatasi yangu ilipofika kitandani kwa Waswa, yeye peke yake katika bweni zima ndiye aliyefanya kosa la kuisoma.

"Hapa nusu haiko," alisema. "Trapeza unajumlisha pande mbili, unazidisha na kimo, halafu unachukua nusu. Hii inafaa iwe elfu sita."

Elfu sita. Bila shaka elfu sita. Nusu ile na mimi hatujawahi kupatana tangu Kidato cha Kwanza.

Okinyi alicheka. "Waswa, unabishana na watu wenye wametunga mtihani?"

"Kitabu inasema ugawe kwa mbili."

"Kitabu ni ya zamani, yawa! Hawa wamebadilisha ndio washike watu wa nusu kama wewe."

Vijana waliokuwa wamezunguka kitanda waliguna kwa kukubali. Mmoja alisema hata yeye nusu ile alikuwa haiamini tangu zamani. Waswa akaninyanyulia macho.

"Griffins, wewe unaonaje?"

Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, fupi, yenye kiima na kiarifu. Lakini vijana ishirini walikuwa wananitazama, na karatasi yangu ilikuwa inapendeza sana pale mkononi mwa Okinyi.

"Wenye mtihani ni wao," nikasema.

Kesho yake Waswa alimpa Simiyu wa Kidato cha Tatu lile daftari lake. Alilitoa sandukuni, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Utalihitaji mwakani," alimwambia. "Mimi nimebaki na mada nne."

Niliwaangalia nikiwa kitandani juu. Nikajiambia nitamweleza Ijumaa.

Ijumaa, Cliff wa darasa letu alirudi kutoka Sondu, alikopelekwa kung'oa jino. Shavu lilikuwa limevimba kama embe, lakini alikuwa na habari. Alikutana hospitalini na mwanafunzi wa shule nyingine, naye alikuwa na orodha. Logi, matriksi, longitudo, trapeza. Zilezile! Cliff hakukumbuka kwamba siku mbili kabla alikuwa amemnakilia binamu yake wa Sondu orodha hiyohiyo. Mimi nilikumbuka, maana nilimwazima kalamu. Hata hivyo alipotamka "Sondu wamethibitisha", darasa zima lilishangilia, na mimi niliushangilia uongo wangu mwenyewe kama mzazi anayempokea mtoto aliyetoka masomoni ng'ambo.

Waswa sikumweleza.

Jumatatu Mwalimu Adongo alitupa maswali matano ya kujipima. La tatu lilikuwa bwawa la samaki lenye umbo la trapeza. Okinyi aliposoma swali hilo alifanya ishara ya msalaba. Tulikusanya majibu pamoja na madaftari yetu.

Jumanne mwalimu aliingia akiwa amekumbatia rundo lile. Ni mama mfupi, hapigi kelele. Anayempigia kelele mwanafunzi, husema, anamsaidia kutofikiri.

"Ninyi ni arobaini na mmoja," alianza. "Thelathini na wanane wamepoteza nusu ya bwawa langu. Wiki tatu zilizopita alikuwa anaipoteza mmoja."

Darasa lilikuwa limetulia, watu wakitabasamu kwa siri. Walimwonea huruma mama wa watu, hana habari za mambo mapya.

"Kipindupindu kikizuka, huulizi kila mgonjwa alikula nini. Unatafuta kisima." Alichomoa daftari moja kwenye rundo. Jalada lake lilikuwa na mchoro wa mbuzi aliyevaa tai. Ni mchoro wangu, na ninajivunia ile tai. "Februari: nusu iko wapi? Machi: nusu iko wapi? Mei, mara mbili: nusu iko wapi? Hapa Julai nimechoka, nimeandika 'nusu' tu na alama ya kuuliza. Griffins Oketch, simama. Umewanywesha nini wenzako?"

Okinyi aliruka kunitetea, na kwa hilo nitamkumbuka daima.

"Madam, si Griffins. Ni vile wamebadilisha." Akaitoa karatasi ndani ya soksi, akaikunjua kwa heshima, akampelekea.

Mwalimu Adongo aliisoma. Kisha akainusa.

"Chai," alisema. "Tena ya hapa. Haina maziwa."

Wachache walicheka, halafu wakanyamaza mmoja mmoja, kadiri maana ya chai hiyo ilivyowafikia. Mimi bado nilikuwa na njia. Karatasi iliandikwa kwa rula, na chai ile tunakunywa watu mia saba. Nilikwisha kufungua mdomo nikane, kwa ile sauti yangu nzuri.

Lakini mwalimu alikuwa ameshika jibu lingine.

"Waswa. Wewe unaniuma zaidi. Hawa wengine hawakuiandika nusu. Wewe uliiandika. Ukapata jibu sahihi, halafu ukalikata." Alimwonyesha mistari miwili ya kalamu iliyopita juu ya jibu. "Nani alikuambia uko makosa?"

Waswa aliinua uso. Alikuwa ameshika seti ya mama yake kwa mikono miwili, na alikuwa ananitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa bado anangoja nimwambie ninaonaje.

"Ni mimi, Madam," nikasema.

"Wewe nini?"

"Niliandika mimi. Kwa rula. Hakuna mtu wa mbali. Sondu waliipata kutoka kwa Cliff, na Cliff aliipata kwetu. Waswa aliniuliza juu ya nusu nikamkwepa, na nilikuwa najua. Daftari lake liko kwa Simiyu. Nitalifuata sasa hivi."

Okinyi alikaa chini taratibu kama mzee wa miaka tisini. Nyuma mtu alisema, "Omera, nilikariri hadi koma!" Cliff alishika shavu.

"Mbwa wewe," Waswa alisema, si kwa sauti kubwa. "Mama yangu alikushika mkono."

Kwa hilo sikuwa na mzaha. Nilitafuta, sikuupata.

"Utalifuata," Mwalimu Adongo alisema. "Utalirudisha, utaketi chini ya Waswa, naye atakufundisha, mada moja baada ya nyingine, siku tisa. Adhabu nyingine utaipata kwa mwalimu mkuu." Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Griffins. Wewe uliyekuwa unawacheka. Mada nyingine umefika ya ngapi?"

"Madam?"

"Na hili swali la bwawa. Unasema nusu ulikuwa umeshaijua. Mbona jibu lako pia halina?"

Watu arobaini waligeuza shingo. Nje, mpishi alikuwa anaosha masufuria, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa sufuria.

"Sijasoma nyingine," nikasema. "Nimesoma zile nne tu. Na nusu niliikumbuka, Madam, nikaiacha." Nikamtazama Cliff. "Sondu walikuwa wamethibitisha."