Vibao vya Bafuni

Mtaa mzima ulimwita Daktari, ingawa shahada yenyewe ilikuwa bado. Jina lilianza kama utani siku alipopata ufadhili wa kusomea uzamivu wa uhandisi na sayansi ya bahari, likamganda. Watu wakawa wanamsimamisha njiani kumwonyesha vipele na kumweleza habari za tumbo. Mwanzoni alikuwa akiwaelewesha kwamba yeye ni daktari wa meli, tena mtarajiwa. Baadaye alichoka kueleza. Akawa anawaambia wanywe maji mengi, wanashukuru, wanakwenda zao. Kisha miaka ikasogea na maswali yakabadilika. Hakuna tena aliyeuliza habari za tumbo. Waliuliza, "Daktari, bado tu?" Naye alijibu, "Bado kidogo," jibu lililokwisha kuchakaa kama ndala zake.

Kazi aliyokuwa akiifanya, ukiieleza kwa ufupi, watu hucheka. Alikuwa anafuga uchafu. Chuma chochote kikikaa baharini huota utelezi kwanza, halafu mwani, halafu vile vijidudu vyenye magamba makali vinavyojigandisha kana kwamba vimepakwa gundi. Meli iliyoota vitu hivyo huwa nzito na hula mafuta kupita kiasi. Rangi za kuzuia zipo, ila nyingi ni sumu kwa samaki. Daktari alikuwa anajaribu rangi isiyo na sumu. Alikuwa amekata vibao vya chuma vya ukubwa wa daftari la shule, akavipaka rangi za aina mbalimbali, akavining'iniza chini ya gati la chuo. Kila mwezi anavivuta juu, anavipiga picha, anavirudisha majini. Lakini jawabu lenyewe lilikuwa mwisho wa mwaka: kila kibao kipimwe uzito pamoja na vyote vilivyoota juu yake, vihesabiwe kimoja kimoja, kisha vivutwe kwa mashine ili ajue vimeng'ang'ania kwa nguvu kiasi gani. Picha haiwezi kusema hayo. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichobaki kati yake na shahada.

Nyumbani alikuwa na baba yake. Mzee alihamia kwake baada ya kumzika mama, kwa sababu hakuna mtoto aliyeona vema abaki peke yake na vyombo vya marehemu. Maisha yake yote alifanya kazi chelezoni, pale meli zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wakikwangua ubavu wa meli kabla haujapakwa rangi, na kwa jinsi alivyoijua kazi hiyo walimwita Msasa. Sasa Msasa alikuwa mtu wa kulala kaugeukia ukuta. Anaitwa kula, anaonja kidogo, anasema ameshiba. Anaulizwa kama anaumwa, anasema haumwi. Kaka mkubwa wa Daktari, aliyekuwa akiishi mbali, hupiga simu jioni.

"Mzee anaendeleaje?"

"Yupo."

"Na shule?"

"Ipo."

Mazungumzo yao yalikuwa yamefika hapo.

Siku ya kuvitoa vibao kwa mara ya mwisho ilipofika, Daktari alikuwa hoi. Alivivuta toka asubuhi, yeye na fundi wa maabara, mwanamume mpole aliyependa kuimba kwa sauti mbaya. Walipofika maabara wakakuta tangazo mlangoni: umeme utakatwa hadi kesho, nyaya zinabadilishwa. Bila umeme pampu za hewa kwenye matangi hazifanyi kazi, na vijidudu vikikosa hewa hufa na kuanza kuachia. Kipimo cha nguvu kingeharibika. Wakashauriana; bahari ilikuwa imekwisha kuchafuka, kuvirudisha gatini haikuwezekana. Daktari alikuwa na pampu ndogo za betri nyumbani, za kupulizia hewa samaki wa mapambo. Akasema atakwenda navyo nyumbani, kesho alfajiri avirudishe. Fundi akamsaidia kupakia mabeseni na madumu ya maji ya bahari kwenye teksi, na dereva akalalamika njia nzima juu ya harufu.

Aliyapanga mabeseni bafuni, akawasha pampu, akafunika juu kwa vitambaa vibichi. Alipochungulia chumba cha baba alikuta kalala vilevile, kaugeukia ukuta. Hakumwamsha. Hata kama angekuwa macho, huenda asingemwambia kitu. Nani huwaza kumwambia mzee aliyekwisha kupoteza hamu ya chakula kwamba asiguse mabeseni?

Asubuhi aliamshwa na sauti. Kwaru, kwaru, kwaru, halafu kimya kifupi, halafu kwaru tena. Juu ya sauti hiyo kulikuwa na nyingine, ya mtu anayeimba kooni, wimbo usio na maneno, wa kwenda sambamba na mkono. Alilala akiisikiliza kidogo kabla hajaelewa. Kisha akatoka mbio miguu mitupu.

Baba yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali kaikunja hadi magotini. Mkononi alikuwa na kisu butu cha jikoni. Vibao vilikuwa vimesimamishwa ukutani kwa mstari, vyote, safi, vikichuruzika maji. Hakuna hata gamba moja lililobaki. Katika ndoo nyingine kulikuwa na uji mzito wa kijani na kijivu, mchanganyiko wa vyote, usiojulikana kipi kilitoka wapi.

"Umeamka, mama," alisema. Alikuwa akimwita bintiye hivyo tangu utoto. "Hawa watu wa chuo chako hawana haya. Mtu unapewa vyuma vichafu namna hii uje navyo nyumbani usafishe peke yako? Na usingizi wote ule ulio nao?"

Daktari alikuwa ameshika mwimo wa mlango.

"Tazama," mzee akaendelea, akainua kibao kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hata rangi sijaigusa. Wakwanguaji wa siku hizi wangekuchimbia chuma. Hapa ukipaka leo, meli inashuka kesho."

Ni kweli, rangi hakuigusa. Kazi ilikuwa safi kiasi cha kutia uchungu. Daktari alitazama vibao, akatazama uso wa baba yake, uso aliouona mara ya mwisho kabla mama hajaanza kuugua. Ulikuwa na jasho. Macho yalikuwa yanamsubiri aseme kitu.

"Asante, baba," akasema.

"Chai ipo?" mzee akauliza. "Nina njaa."

Alikula mkate, akaomba mwingine. Daktari alikaa mbele yake na kikombe alichosahau kukinywa.

Fundi wa maabara alipoviona vibao hakuimba. Alivigeuza kimoja baada ya kingine, akavuta stuli, akakaa. Alisema pole, dada, kama mtu anayeingia msibani. Profesa, msimamizi wake, alikuwa na kikohozi kisichokwisha na miwani iliyofungwa kwa waya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani amefanya hivyo.

Daktari alisema kosa ni lake, aliviacha mahali pasipofaa. Hakumtaja baba.

Profesa hakuchimba. Alimweleza njia zilizokuwepo, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuzieleza kwa wengine. Anaweza kuandika tasnifu kwa picha alizo nazo. Itasomwa, pengine itapita, lakini swali lake litabaki halina jibu na kila msomaji atapaona pengo lilipo. Au atundike vibao vipya, asubiri mwaka mwingine. Ufadhili hauwezi kuongezwa. Anaweza kumtafutia vipindi vya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wale wasiojua bado kutofautisha mbele na nyuma ya meli.

"Mimi nisingekulaumu kwa lolote," alisema. "Nenda ukalale kwanza."

Hakulala. Alikwenda gatini akakaa juu ya bomba, akayatazama maji yaliyokuwa yakipanda na kushuka kwenye nguzo. Nguzo zenyewe zilikuwa zimejaa magamba tele, yamejiotea bure, hakuna aliyeyapima wala kuyahesabu. Akafikiri kwamba picha zinatosha. Akafikiri kwamba mtu akichoka kiasi hiki ana haki ya kutosheka. Alipokwisha kufikiri hayo akainuka, akaenda karakana ya chuo kuomba wamkatie chuma.

Shida ilikuwa nyumbani. Msasa alikuwa amefufuka. Alianza kutoka nje, akajua majina ya majirani kuliko Daktari aliyekaa pale miaka. Alimtengenezea mwenye duka bawaba za mlango. Na kila Daktari aliporudi kutoka kufundisha, koo limemkauka, mzee humpokea begi na kumwuliza kama wamempa vyuma vingine. Daktari husema bado. Mzee husema wakikupa ulete tu, mimi nipo. Usiku Daktari hulala akiyasikia maneno hayo.

Kaka alipopiga simu sauti yake ilikuwa ya furaha. Mzee alikuwa amempigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia kwamba kazi ya mdogo wake imekwisha, na kwamba yeye mzee ndiye aliyeisukuma mwishoni. Kwa hiyo mahafali lini? Daktari akasema atamjulisha. Akakata simu, akaosha uso, akaandaa somo la kesho.

Halafu ikaja Jumapili ambayo mzee aliichukua suti yake, ile aliyoivaa kwenye mazishi, akaipeleka kwa dobi. Alirudi nayo kwenye mfuko wa nailoni, akaitundika kwenye mlango wa chumba ili isipate mikunjo. Daktari alikuwa anasahihisha majaribio ya wanafunzi wake. Aliuliza suti ni ya nini.

"Ya siku yako. Unataka nije na kanzu ya kulalia?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwomba akae. Akamweleza yote polepole, kuanzia vibao vilipokuwa vinaning'inia chini ya gati. Hakutia chumvi na hakupunguza. Mzee alisikiliza huku akiangalia mikono yake.

"Kwa hiyo ule uchafu ndio ulikuwa kazi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikaukwangua."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa anamwita mtoto aje kuoga.

"Mbona uliniambia asante?"

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Sikuweza kukwambia."

Mzee akainuka. Akaingia chumbani, akafunga mlango, suti ikayumba kidogo kwenye msumari. Chakula cha mchana hakukigusa. Cha jioni alisema ameshiba. Siku ya pili Daktari alimkuta kalala kaugeukia ukuta, akasimama mlangoni. Alijiona mjinga. Amepoteza vibao kwa ajili ya mzee, na sasa amempoteza mzee kwa ajili ya ukweli, na shahada yenyewe haipo. Akaenda kufundisha. Aliwafundisha vijana habari za uzito na kuelea, mmoja akamwuliza kama anaumwa. Akamwambia anywe maji mengi, darasa likacheka, naye hakujua kwa nini.

Jioni hiyo alimkuta baba sebuleni, amekaa kwenye kiti cha Daktari, mbele ya rundo la majaribio.

"Vinachukua muda gani kuota tena?"

"Mwaka, baba."

"Mwaka mzima." Alitikisa kichwa. "Sisi meli ikikaa mwaka bila kukwanguliwa tulikuwa tunamtukana mwenye nayo. Umeshatundika vibao vingine?"

"Karakana walichelewa, vilikatwa juzi. Nitavitundika wiki hii, rangi ikikauka."

"Ukivitoa usivilete hapa."

"Sivileti."

"Hata nikikuomba. Mimi mikono hii sina dhamana nayo." Aliikunjua juu ya meza, akaitazama kama vitu vya kuazima. "Marehemu mama yako aliijua. Tulipooana dada zake walimpa sinia la maua. Maua mekundu, ya kupakwa, wamelitafuta mji mzima. Mimi narudi kutoka kazini nalikuta limelowekwa. Nikaona lina vitu vimeganda."

Daktari alikuwa bado kasimama na begi begani. "Hukufanya hivyo, baba."

"Nililikwangua likang'aa kama kioo. Nikamwekea mezani nikamwita aje kuona."

"Akasemaje?"

Mzee alianza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Daktari alishusha begi sakafuni, akavuta kiti kingine. Majaribio hayakuwa yamesahihishwa, na asubuhi alikuwa na kipindi cha kwanza. Miguu ilikuwa inamuuma.

"Subiri nikwambie vizuri," mzee akasema. "Kwanza hakusema kitu. Alichukua lile sinia, akalishika hivi." Akainua mikono miwili mbele ya uso, kama anayejitazama kwenye kioo.