Saa Nane Mchana, Ghorofa ya Nne

Fundi friji alikuwa ameshawachosha madalali watatu kabla hajafika kwa wa nne. Kila nyumba aliyoonyeshwa aliikuta na kasoro, na kila kasoro ilihusu joto. Miaka ishirini na mbili ya kufungua migongo ya mafriji ya watu ilikuwa imemfanya alione joto kama mgeni asiyebisha hodi. Basi alikwenda kukagua nyumba na kipimajoto mfukoni, akibandika kiganja ukutani na kutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, huku mkewe amesimama pembeni akiangalia viatu vyake.

Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa, na watu walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti wao wawili. Yeye sharti lake lilikuwa moja: mtaa hahami. Ni kweli mtaa ulikuwa umebanana, kiasi kwamba jirani akipiga chafya unampa pole bila kupaza sauti. Lakini zahanati ilikuwa dakika tano kwa miguu, soko lipo nyuma tu, na nusu ya watoto wa vichochoroni alikuwa amewapokea kwa mikono yake mwenyewe. Kilichomchosha ni vile vyumba viwili vya kupanga, ambamo mabinti wa miaka kumi na saba walisukumana kutwa kucha na feni tatu zilivuma kama kiwanda.

Dalali wa nne, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliwapandisha ghorofa ya nne ya jengo jipya lililobanwa kati ya duka la viatu na kiwanda kidogo cha uchapaji. Nje halikuwa na la kutazama. Ndani palikuwa na sebule ambamo mtoto angeweza kukimbia, vyumba vitatu, na jiko ambamo watu wawili wangepishana bila kuombana radhi. Kuta zilikuwa nene, madirisha yametazamana ili upepo upite moja kwa moja, tena kila dirisha lina vioo viwili. Maji ya kuogea yalipashwa moto na jua juu ya paa. Dalali alisema wakazi wa ghorofa za chini hawakumbuki tena feni zao walizitupa wapi.

Mama Pacha aliipenda hapohapo, ila hakuionyesha furaha usoni, kama alivyozoea kazini. Mumewe alitoa kipimajoto, akasoma, akasoma tena, wala hakuridhika.

"Asubuhi kila nyumba ina adabu," alisema. "Niachie funguo, nirudi saa nane mchana nikae humu peke yangu. Hapo ndipo itanionyesha tabia yake."

Dalali alimtazama Mama Pacha, naye Mama Pacha akatazama dari. Funguo zikatolewa. Dalali alionya tu kwamba saa tisa na nusu angewaleta walimu wawili, mume na mke, waione nyumba hiyohiyo.

Saa nane kamili fundi alikuwa ameketi sakafuni, daftari gotini. Aliandika kipimo cha kwanza, baada ya dakika kumi cha pili, kisha cha tatu. Vilifanana kama mapacha wake. Akavua viatu ili aipime sakafu kwa nyayo. Nyayo zikaleta majibu mazuri, akaona haitakuwa haki kutoupa mgongo nafasi, maana fundi haachi kazi nusu. Kipimo cha nne daftarini kilianza na tarakimu moja, kikaishia kwa mstari ulioteremka polepole hadi pembeni mwa ukurasa.

Mama Pacha alipotoka kazini alimpigia simu mara nne bila kupokelewa, akaamua kumfuata. Alipofika aliwakuta dalali na walimu wamesimama sebuleni wakinong'ona kama waliokuja kumwona mgonjwa. Nje jua lilikuwa la kutoboa utosi. Ndani mumewe alilala chali, shati kavu, akikoroma bila wasiwasi wowote. Mwalimu wa kiume alikuwa akimuuliza dalali kama yule bwana amewekwa pale kwa ajili ya tangazo, na dalali akiapa kwamba hajamlipa. Mwalimu wa kike aliinama, akaigusa sakafu, akamwambia mumewe kwamba nyumba wameshaipata.

Mama Pacha aliona nyumba inamponyoka. Hata hivyo, kazini hakuwahi kumpigia kelele mtu mwenye uchungu, na hakutaka kuanza kelele siku hiyo. Aliwasalimu walimu kwa heshima, akawaeleza kwamba nyumba ina mtu wake, ndiye huyo wanayemwona.

"Mkiitaka, mtaichukua pamoja naye," alisema. "Na msidhani anakoroma mchana tu."

Walimu wakacheka wakarudi nyuma hatua moja. Dalali akatoa karatasi, akasema zinahitajika sahihi za wote wawili. Mama Pacha akasaini juu ya kizingiti cha dirisha, kisha akamtikisa mumewe bega. Aliamka akidai hakuwa amelala, alifumba macho ili alisikilize joto.

"Umelisikia?"

"Bado. Ningepata wiki moja ya vipimo—"

"Baba Pacha," alisema mkewe kwa upole, "kwetu hulali mpaka feni ikupulize puani. Hapa umelala saa nzima kwenye sakafu tupu, bila feni wala mto. Unataka kipimo gani kingine?"

Fundi alilitazama daftari, akaufuata ule mstari kwa kidole hadi ulipoishia. Akaomba kalamu. Walimu waliteremka na dalali kuiona nyumba ya ghorofa ya pili, nayo wakaichukua.

Fundi na mkewe walihamia baada ya miezi miwili. Alasiri ya kuhama fundi alikuwa akiwaeleza wapagazi faida za vioo viwili, wao wakiwa wanataka maji ya kunywa tu. Mama Pacha alifunga dirisha la sebule, mtaa wote ukanyamaza. Alisimama akiusikiliza ukimya, akaona ndani ya ukimya huo hamna jirani hata mmoja anayemjua, akalifungua tena. Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka chini, ikimwita: mkwe wake ameshikwa na uchungu, na zahanati imejaa.

Mama Pacha akavaa viatu. Aliwakabidhi mabinti maboksi ya vyombo, akamkabidhi mumewe wapagazi, akashuka ngazi akijifunga kitambaa kichwani.