Sura ya Isidore Iliyokwenda Masomoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Isidore Mushagalusa alinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia kwenye msumari, nyumbani kwake Kadutu, mjini Bukavu. Adèle, mkewe, alimshikia beseni la maji ya moto. Jumatatu moja ya Septemba 1958 Isidore alikuwa amemaliza shavu la kulia pale wembe uliposimama hewani. Kioo kilionyesha ukuta, kalenda ya misheni na uso wa Adèle. Yeye mwenyewe hakuwemo.

"Sura imeenda," alisema.

"Imeenda wapi?"

"Kule nilikuwa naomba kwenda."

Adèle aliweka beseni chini, akachukua wembe, akamnyoa shavu la kushoto.

Isidore alikuwa msaidizi katika kituo cha utafiti wa Ziwa Kivu, kule Muhumba. Mwaka huohuo alikuwa amerudi kutoka Léopoldville na shahada yake, akaomba kwa barua kwenda Ubelgiji kuendelea na masomo ya maziwa na samaki wake. Alitaka kuelewa kwa nini maji ya chini kabisa ya Kivu hayapandi juu kamwe, na ziwa linaweza kulisha watu wangapi bila kuchoka. Alijibiwa kwamba wakati wake bado haujafika. Alishukuru, akasema merci, akarudi kushusha majini chupa zake za kupimia ziwa. Sura yake, ambayo haikuhitaji pasipoti, ilitangulia.

Tangu siku hiyo Adèle alimnyoa kila asubuhi. Alijifunza kidevu chake na kovu dogo lililokuwa chini ya mdomo. Mara nyingi alitamani kumuuliza kama anaumia, lakini aliona haya, akamuuliza kama maji yamepoa.

Mwezi wa kumi na mbili masikio ya Isidore yalikuwa ya baridi hata mchana, na Adèle akamfumia kofia ya sufu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilichafuka wino, ingawa aliandika kwa mkono wa kulia. Wavuvi waliompeleka ziwani walizoea kumwona akiinama juu ya maji yasiyoonyesha chochote ila mawingu. Pale bombani, Maman Eulalie alimtania mbele ya wanawake wote.

"Papa Isidore, utarudia lini kutoka Ulaya?"

"Niko na mitihani bado, maman."

"Utuletee hata kipande ya fromage!"

Wanawake waliicheka hiyo jibini ya Ulaya, na Isidore alicheka pia. Adèle alimwona akiondoka na kupitisha mkono usoni polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Kiangazi kilichofuata, Docteur Claessens, mkubwa wa kituo, alirudi kutoka likizo ya Ubelgiji. Hakuwa mtu mbaya. Jumapili alikuja mwenyewe Kadutu, akakaa kwenye kiti chenye mikono, na Adèle akamtilia chai.

"Niliikuta sura yako darasani, ndani ya kioo ya dirisha, mustari ya mbele," alisema. "Inasikiliza kupita banafunzi bote. Maprofesa banaipenda."

Sura ilikuwa imekwisha kuandika tasnifu yake. Iliiandika kutoka kulia kwenda kushoto, na maprofesa waliisoma kwa kioo cha mkononi bila kukuta kosa hata moja. Shida ilikuwa ndogo tu. Anayepewa shahada lazima apewe mkono, na mkono wa sura hautoki nje ya kioo. Ilibidi mwenyewe afike.

"Basi nitaenda," alisema Isidore.

"Nilikuombea ruhusa. Bakasema uko kule tayari. Kupatia mutu mumoja nafasi mbili, bengine batalalamika."

Docteur alikoroga sukari. Alieleza kwamba kazi nzuri kama ile haiwezi kuachwa ipotee. Ingechapishwa kwa jina lake yeye Docteur, na chini ya ukurasa Isidore angeshukuriwa.

"Uko na bahati, Isidore. Nusu yako imeona Ulaya. Ni bangapi hapa Bukavu banaweza kusema vile?"

Adèle alisimama na birika mkononi, akingoja ile merci. Aliijua sauti yake kama alivyokijua kile kidevu. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira wa matambara.

Adèle hakuwahi kusema neno mbele ya mzungu.

"Umuambie," alisema, akitazama birika.

"Aniambie nini?" aliuliza Docteur. "Ruhusa haitoke kwangu."

"Najua, Docteur," alisema Isidore. "Siombe tena. Ni vile tu sijaisema hata siku moja kwa mudomo." Alivua kofia ya sufu, akaiweka magotini. "Ni miye nilikuwa nataka kwenda. Miye mwenyewe, na hii miguu."