Kahawia ya Kwapani mwa Katekista

Mwaka 1986 Donatus Mabula, katekista wa Nyahanga, aliota uvimbe kwapani, mkubwa kama yai la kanga. Daktari akakata kipande na kukipeleka maabara, ambako ilikuwa imefika rangi mpya kutoka ng'ambo: ikikuta seli za kansa, huzigeuza kahawia. Kipande cha Donatus kikatoka kahawia tupu.

Donatus akaanza kujiandaa kufa, na alijiandaa vizuri. Alichagua nyimbo za mazishi, akawafanyisha wanakwaya mazoezi, akawakaripia wa sauti ya nne kwamba wanamzika ovyo. Mkewe, Limi, alilia kila jioni huku akimpikia kuku. Hofu ilimkaba Donatus, lakini kuku alipita.

Wiki ya pili wakaitwa hospitali. Pamoja na daktari alikuwepo Mwahija, mtaalamu wa maabara.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Niko tayari, binti yangu. Sema tu."

"Nina swali kwanza. Jana nilichukua kipande chako kingine, nikakitazama kwa darubini kabla ya kukitia rangi yoyote. Nikakuta madoa yaleyale. Kwa hiyo kahawia ile haikuletwa na rangi yetu, ulikuwa nayo mwenyewe. Inafanana na masizi. Uliwahi kuchanjwa chale na kupakwa dawa nyeusi?"

"Yaya!" Donatus alikana kwa Kisukuma, Kiswahili kikiwa kimemkimbia. "Mimi? Katekista?"

"Na haya makovu ya begani?" daktari akauliza.

"Miiba. Nilichunga ng'ombe utotoni."

"Miiba iliyojipanga mitatu mitatu?"

Limi akainua shingo kutazama. Donatus akapima: afe na heshima yake, au aishi na aibu. Alishangaa jinsi uamuzi ulivyokuwa rahisi.

"Nilichanjwa," akasema kwa sauti ya kitubio. "Mwaka sitini na nane, kule Runzewe. Nilitaka Limi anikubali."

Daktari akaukuna uso ili asicheke. Akaeleza kwamba masizi yale yalitambaa chini ya ngozi hadi kwenye tezi ya kwapa, yakakaa humo miaka yote. Tezi imevimba kwa sababu ya kidole alichojikata na panga, kile kinachotoa usaha. Seli zenyewe ni nzima. Anywe dawa ya kidonda, arudi baada ya mwezi.

Wakatoka hadi nje ya geti. Hapo Limi akashika kiuno, akacheka hadi machozi.

"Baba Philomena, mimi nilishamwambia shangazi kuwa nakutaka tangu mavuno ya pamba. Miezi miwili kabla ya hizo chale zako!"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Si ulikimbilia Runzewe!"

Donatus akasimama juani, hajui aone haya au afurahi. Limi akamshika mkono, ule usio na kidonda, wakaenda kutafuta chai na maandazi.